Kupanga storeji au kupaua nyumba

Lizi yetu, yaani mkataba wa kupanga nyumba, iliisha tarehe 31 mwezi wa nane mwaka wa 2024, na kuanzia mwezi wa sita mpaka siku hiyo nyumbani kwetu maongezi yalikuwa ya aina moja tu, vitu viende wapi. Kijana wetu kaenda chuo, mdogo wangu tuliyekuwa tunachangia naye kodi kahamia Dallas tangu Pasaka, kwahiyo kuendelea kukaa apatimenti ya vyumba vitatu hapa Houston ilikuwa ni kumwaga hela, tukapata ya vyumba viwili, ndogo ila kodi inalipika na mzee wangu, yaani mume wangu, haendeshi tena saa nzima kwenda kazini. Shida ikawa kile chumba cha tatu. Mdogo wangu alikuwa analala upande mmoja, upande wa pili ulikuwa wa vitu vya Tanga.

Walioko huku Marekani watanielewa bila maelezo mengi. Tuna kiwanja Kange, Tanga, msingi tulianza 2019, nyumba ikafika lenta, usawa wa juu ya madirisha, 2022 na hapo ndo ikasimama, kuta zinanyeshewa mvua. Lakini vitu vya kuweka ndani ya hiyo nyumba tumekuwa tunanunua tangu 2016, hata kiwanja hatujapata. Kila mwisho wa mwezi wa kumi na moja bei zikishuka tunaenda, kila mtu wetu akihama mji akiuza vitu vyake tunaenda. Mapipa matatu ya galoni 55 yamejaa mashuka na mapazia na vyombo. Friji la milango miwili. Mashine ya kufulia. Maikrowevu mbili, moja yetu na moja ya mama. Godoro la Queen kwenye nailoni yake. Meza ya kulia ya watu wanane na viti vyake. TV ya inchi 65 boksi halijafunguliwa, mabomba ya bafuni, masinki, vitasa vya milango 14, cherehani, na maboksi ambayo hata sikumbuki tena ndani mna nini.

Mzee wangu akasema tupange storeji, tuweke vyote humo mpaka tutakapotuma konteina. Nikakubali hapo hapo, tena kwa furaha, maana nilikuwa nimechoka kupita ubavu ubavu kila nikitaka kufungua dirisha la kile chumba.

Kwa mlioko nyumbani ambao hamjaziona hizi storeji, ni majengo marefu yenye milango ya bati ya kuviringisha kama ya maduka ya Kariakoo, kila mlango na chumba chake, unapanga kwa mwezi, unaweka kufuli lako mwenyewe na geti unafungua kwa namba za siri. Vipimo ni vya futi, 5 kwa 5 ni kama kabati kubwa tu, halafu 5 kwa 10, 10 kwa 10, 10 kwa 20 gari inaingia, mpaka 10 kwa 30. Kuna za nje ambazo unasogeza gari hadi mlangoni, na kuna za ndani zenye AC ambazo ni ghali zaidi. Hapa Texas biashara hii ilishika kasi tangu miaka ya 1960 na leo barabara kubwa za Houston zimejaa hizo storeji, na nyingi zina bango la mwezi wa kwanza dola 1.

Tulienda kuangalia moja Jumamosi. Binti wa ofisini mkarimu kabisa, akatupakia kwenye kile kigari cha umeme akatuzungusha, akatufungulia ya 10 kwa 20 yenye AC. Nikaingia nikasimama katikati. Tanga tulipokulia mama alipanga chumba cha 10 kwa 10 tukalala humo watu watano na jiko la mkaa likiwa mlangoni. Yaani pale niliposimama palikuwa ni vyumba viwili vya kupanga, vina ubaridi mzuri na taa inayojiwasha ukipita, na nilikuwa naenda kuvilipia vikae godoro lisilolaliwa. Sikusema kitu siku hiyo. Tukarudi nyumbani, nikabuki kwenye intaneti kwasababu kubuki ni bure na ofa ilikuwa inaisha, na kufuli nikawa nimeshalinunua pale pale ofisini, yale ya duara, dola 18.

Usiku nikakaa na kalamu. Mwezi wa kwanza dola 1, sawa. Halafu 189 kila mwezi kwa miezi 11. Bima yao ya lazima dola 14 kila mwezi. Ada ya kufungua akaunti 29. Mwaka wa kwanza jumla ni dola 2,277, na hilo kufuli sijaliweka. Ukichukua shilingi 2,700 kwa dola, kama ilivyokuwa wakati huo, ni milioni sita na laki moja na ushee. Fundi wetu alishanitumia hesabu ya mbao za kenchi, zile za kubeba paa, milioni nne na nusu. Nikamwita mzee wangu aje aangalie zile namba mbili zikiwa karatasi moja. Akaangalia muda mrefu, akasema lakini mama watoto si tunatuma konteina mwakani? Nikamuuliza mwakani ipi, maana mwakani hiyo tumeitaja tangu 2020. Hatukugombana, ila kila mtu alilala na mawazo yake.

Sasa hiyo 189 yenyewe haikai hivyo. Shoga yangu mmoja, ambaye kaniruhusu nisimulie hili bila jina lake, alianza na dola 89, baada ya miezi sita wakampandishia 119, kabla mwaka na nusu haujaisha akawa analipa 164 kwa chumba kile kile na vitu vile vile. Mkataba ni wa mwezi kwa mwezi, wanakupa taarifa, hutaki hama. Na kuhama ndo kazi, ukodi lori, utafute vijana wa kubeba, jua la Houston la mwezi wa saba nyuzi 36 au 37, ukatafute storeji nyingine ambayo nayo itakuanzia na dola 1. Watu wengi wanaona bora walipe tu.

Lakini hilo la bei silo lililomuumiza. Mama yake aliugua Moshi, akaondoka kwa tiketi ya haraka akijua anakaa wiki tatu, akakaa miezi minne mpaka mazishi na arobaini. Kodi ya storeji ilikuwa inakatwa kwenye kadi yenyewe kila mwezi, na ile kadi muda wake ukaisha akiwa kule. Barua wakatuma, ila anwani waliyokuwa nayo ilikuwa ya apatimenti ya zamani. Hapa Texas Sura ya 59 ya sheria ya mali inawapa wenye storeji haki ya kushikilia vitu vya mpangaji asiyelipa na kuviuza kwa mnada baada ya kutoa notisi, na notisi ikienda kwenye anwani ya mwisho uliyowapa inatosha hata kama wewe huishi hapo. Aliporudi akakuta kufuli si lake. Sofa na TV hajazililia hata mara moja. Alichokililia ni picha za harusi, vyeti vya shule vya wanae, na vitenge vya bibi yake vilivyokuwa kwenye sanduku la bati, mtu kanunua chumba kizima kwa mkupuo na hayo mengine bila shaka kayatupa jalalani. Mpaka leo tukikaa kwenye shughuli akiona mtu kavaa kitenge cha zamani ananyamaza.

Kwahiyo kama wewe unayo storeji na unasoma hapa, leo hii kabla hujalala ingia kwenye akaunti yako uangalie anwani, uangalie imeili, uangalie kadi inaisha mwezi gani, halafu weka namba ya mtu wa pili ambaye yupo mjini. Na picha na vyeti usiweke huko kabisa, hivyo ni vya kukaa na wewe hata kama unalala navyo chini ya mto.

Kuhusu bima nilipiga simu kwenye bima yangu ya upangaji, ile ya nyumba ninayoishi, wakaniambia vitu vyangu vikiwa nje ya nyumba bado vinalindwa lakini kwa asilimia 10 tu ya kiwango changu. Mimi nina ya dola 20,000 kwahiyo ni 2,000. Kumbe pengine hata ile 14 ya kila mwezi nisingeihitaji, wengine wanakubali ukiwaonyesha karatasi ya bima yako. Ulizeni kabla hamjasaini. Ila mafuriko hayamo, si kwenye yangu si kwenye yao, na anayeishi Houston akisikia hivyo anajua maana yake. Kimbunga Harvey cha mwezi wa nane 2017 nilikuwa hapa hapa, nimeona kwa macho yangu rundo la makochi na magodoro yamelowa mbele ya milango ya storeji, yananuka, watu wamevaa glavu wanatafuta kama kuna kitu kimoja cha kuokoa.

Halafu Mungu ana namna yake, wakati sisi tuko kwenye mvutano huo wa tuchukue tusichukue, Jumatatu tarehe 8 mwezi wa saba kimbunga Beryl kikapiga. Zaidi ya wateja milioni mbili eneo hili walikosa umeme, sisi kwetu ulirudi siku ya sita. Chakula chote cha friza tulitupa, watoto wa jirani walikuwa wanalala kwenye gari ili wapate AC. Siku ya nne nikapita pale storeji nikamuuliza yule binti vyumba vyenye AC vikoje, akanijibu ukweli, tangu Jumatatu hakuna AC, kila kitu kimefungwa humo na joto lake. Hiyo AC ndo ilikuwa sababu yetu ya kulipa bei ya juu, maana unyevu wa Houston unaotesha ukungu kwenye godoro na mbao zinapinda. Sisemi usichukue yenye AC, kama una fanicha za mbao au nguo chukua, ila ujue kimbunga kikija inabaki chumba cha kawaida.

Umeme uliporudi ndo tukafanya kitu ambacho tulipaswa kuanza nacho. Kijana wangu akachukua futi na utepe wa gundi, akachora sebuleni mstatili wa futi 5 kwa 10, akasema mama, tuanze kuhamishia hapa kimoja kimoja, kila kitu kikiingia kiwe na sababu.

Friji likawa la kwanza. Akalizungusha akasoma lebo ya nyuma, volti 120, hezi 60. Nyumbani ni volti 230 na hezi 50. Mzee wangu akasema tutaweka transfoma. Kijana akamwambia baba transfoma inabadilisha volti tu, zile 60 haigusi, mota ya kompresa imetengenezwa kwa 60 ukiipa 50 inazunguka taratibu na inachemka. Mzee wangu ni mtu wa magari, akalielewa hilo haraka kuliko mimi. Mashine ya kufulia hivyo hivyo, maikrowevu zote mbili hivyo hivyo. Miaka minane tumepita pembeni ya hivyo vitu na hakuna aliyewahi kusoma lebo. TV ikawa nzuri, imeandikwa 100 mpaka 240, inabadilishwa plagi tu. Cherehani yangu ni ya mkono, haina habari na umeme.

Godoro. Queen ni inchi 60 kwa 80, na vitanda vya nyumbani fundi anachonga futi 5 kwa 6 au 6 kwa 6. Ile Queen kwenye 5 kwa 6 inaning'inia miguuni, labda uchonge kitanda chake, na mashuka yake yote uyafuate huku. Tukaliacha nje ya mstari.

Na kitu kingine nilichokipima mwenyewe kwa karatasi. Konteina la futi 20 kwa ndani lina urefu wa kama mita 5.9 na upana mita 2.35. Ile storeji ya 10 kwa 20 ni karibu mita 6 kwa 3, yaani tungekuwa tunapanga nafasi kubwa kuliko konteina zima, wakati vitu vyetu vinavyostahili kusafiri havijazi hata robo yake. Na ushuru je? Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki inasamehe vitu vya nyumbani ulivyokuwa unavitumia mwenyewe pale unaporudi kuishi. Sisi haturudi karibuni, mtoto ndo kwanza kaanza chuo, na vitasa 14 vipya kwenye maboksi yake sidhani kama kuna mtu wa bandarini ataamini nilikuwa navitumia.

Jioni hiyo nikampigia mama WhatsApp. Baada ya shikamoo na habari za mguu wake nikamweleza yote, storeji, friji, kila kitu. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mwanangu, friji hapa mjini zimejaa madukani, za umeme wa hapa hapa, na ikiharibika fundi spea anapata barabara ya ishirini. Mimi kila nikipita Kange nachokiona ni kuta zinaota kijani. Nani atakuja kuangalia friji kwenye nyumba haina bati?" Nikasema ndio mama. Nilikuwa nimewasha spika na mzee wangu alikuwa jikoni, akasikia yote.

Kesho yake yeye mwenyewe ndo aliyepiga picha za friji akaziweka Facebook Marketplace. Friji likaenda kwa dola 350, mashine 275, godoro 120, maikrowevu mbili 60. Dola 805. Si hela tuliyonunulia, na ilimuuma, maana lile friji alifanya ovataimu wikiendi tatu kulipata, nikamwacha akae nalo siku nzima kabla mnunuzi hajaja na wala sikumwambia chochote.

Meza hatukuiuza. Jengo la pili kutoka letu kuna familia ya Wakongo walifika mwezi wa tano kutoka kambi ya wakimbizi, baba, mama na watoto sita, walikuwa wanakula wamekaa kwenye zulia. Tulipoipeleka ile meza yule mama akaipapasa kwa kiganja mwanzo mpaka mwisho akasema, "Hii meza iko muzuri sana, mama, aksanti, Mungu akubariki." Watoto walikuwa wameshakalia viti kabla hatujamaliza kufunga miguu ya meza. Watu wanane, viti vinane. Mimi hiyo meza nilikuwa naiona kichwani iko Tanga na wajukuu ambao hata hawajazaliwa, na nakiri nilipofika kwenye gari nililia kidogo, ila siyo kwa kujuta.

Sisemi storeji haifai. Mdogo wangu alipofika Dallas apatimenti yake ilikuwa haijawa tayari, akachukua 5 kwa 10 wiki sita, akatoa vitu vyake akafunga akaunti, pesa yake imefanya kazi. Mtu anayesubiri kufunga dili la nyumba, mwanajeshi, mwanafunzi wa likizo, mtu ambaye nyumba imeingia maji anakarabati, wote hao wanajua tarehe ya kutoka. Sisi swali la binti wa ofisini, "mtahitaji kwa muda gani," tulijibu kwa kuangaliana. Hapo ndo ningepaswa kugundua. Mpaka mtu wa tatu alipouliza, mimi na mume wangu tulikuwa hatujawahi kukaa chini tukaulizana tunarudi lini, tulikuwa tunanunua tu vitu, na kila kitu kikiingia ndani tunajiona tumesogea.

Tukakaa chini sasa. Tumeelewana kijana amalize chuo, miaka minne, katikati hapo tupaue, tuweke madirisha na umeme. Nikafuta ile bukingi ya storeji. Zile 805 tukaongezea mpaka 1,700 tukamtumia fundi za mbao za kenchi, na ile 203 ya kila mwezi ambayo tungeilipa storeji tumefungulia akaunti yake pembeni, hiyo ni ya bati.

Kilichobaki kiliingia kwenye mstatili wa kijana wangu na nafasi ikabaki. Mapipa mawili, maana la tatu nilipolifungua mashuka yalikuwa yameshapata madoa ya manjano, nikatenga mazuri nikatoa mengine, TV, cherehani, masinki, mabomba na vitasa. Vimepangwa nyuma ya mlango wa chumba chetu kipya na mlango unafunguka vizuri. Kulikuwa na Watanzania wenzetu wanaopakia konteina la kuchangia Jumamosi tarehe 19 mwezi wa kumi, unalipia kwa pipa, mzigo wetu tukaupangia uondoke na hilo na ushuru wake tukautengea.

Lile kufuli la duara lilikaa mezani wiki mbili. Duka halipokei likishafunguliwa. Fundi alikuwa kanieleza kwamba kibanda cha Kange anachowekea saruji wamevunja kufuli lake mara mbili mwaka huo, nikamwandikia apime komeo kama kufuli fupi nene linaweza kupita. Baadaye akatuma picha, ameweka rula pembeni ya tundu, milimita 11. Linaingia. Nimefunga funguo zake mbili kwenye kipande cha khanga, nimeliweka kwenye pipa la kwanza juu kabisa ili akifungua alikute.